Pua Ikipinda, Hewa Hukwama Wapi?

Mgonjwa mwenye pua iliyopinda huingia kwa daktari wa masikio, pua na koo na malalamiko mawili aliyoyafunga fundo moja: pua haimpendezi kwenye picha, na usiku upande mmoja huziba hata akalala mdomo wazi. Kwake la kwanza ndilo lililozaa la pili, hivyo pua ikinyooshwa tu, hewa itapita. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini wapo wenye pua iliyokaa upande waziwazi na wanapumua bila taabu, na wapo ambao pua zao kwa nje hazina kasoro yoyote, kumbe ukuta wa kati kwa ndani umejikunja hadi kubana tundu zima. Kwa kweli ukuta ulionyooka sawasawa ni nadra. Wengi wetu tuna mkunjo fulani na hatujui. Upasuaji wa kunyoosha pua una faida kubwa, tena iliyothibitishwa, ila faida hiyo hutegemea swali ambalo kioo hakiwezi kulijibu: hewa inakwama mahali gani hasa?

Ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili ya pua ni gegedu kwa mbele na mifupa miwili myembamba kwa nyuma. Kwa nje, theluthi ya juu ya mwamba wa pua ni mfupa, na sehemu iliyobaki hushikiliwa na magegedu. Katika safari ya hewa kutoka nje hadi mapafuni, zaidi ya nusu ya ukinzani wote hutokea puani, na sehemu kubwa ya ukinzani huo iko kwenye kijilango chembamba kilicho sentimita moja na kitu ndani ya mwanzi wa pua, pale ambapo gegedu la ubavuni hukutana na ukuta wa kati. Kwa watu wa asili ya Ulaya pembe ya makutano hayo huwa nyuzi 10 hadi 15 tu. Kwa watu wengi wa asili ya Afrika ni pana zaidi. Kanuni ya Poiseuille inasema kwamba mrija ukipunguzwa kipenyo kwa nusu, ukinzani wa kinachopita ndani yake huongezeka mara 16. Pua si mrija laini, na hewa ndani yake hujizungusha, kwa hiyo hesabu haiji sawasawa, lakini mwelekeo wake ni uleule. Milimita mbili za mkunjo kwenye kijilango hicho zinaweza kumkosesha mtu usingizi, huku mkunjo mkubwa ulioko nyuma, kwenye nafasi pana, usimsumbue kabisa. Ndiyo maana picha ya CT inayoonyesha ukuta uliopinda haitoshi kuwa sababu ya kumlaza mtu kwenye meza ya upasuaji.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu. Kwenye kila ubavu wa ndani wa pua imening'inia mikunjo ya nyama laini yenye mishipa mingi ya damu, inayopasha hewa joto na kuipa unyevu. Mikunjo hiyo hujaa damu na kupungua kwa zamu, kulia kisha kushoto, kila baada ya saa chache. Daktari Mjerumani Richard Kayser alilieleza jambo hili mwaka 1895, na kwa mtu mwenye pua ya kawaida zamu hizo hupita bila yeye kuhisi. Mwenye ukuta uliopinda huzihisi, kwa sababu zamu ya upande wake mzuri kuvimba inapofika, upande uliobaki ni ule uliobanwa siku zote. Ndipo anaposema pua yake huziba upande huu leo na upande ule kesho, na jirani anamjibu kwamba basi tatizo haliwezi kuwa mkunjo, maana mkunjo hauhami. Jirani amekosea.

Hata hisia yenyewe ya kupumua si kipimo cha moja kwa moja cha upana wa njia. Mtu anayenusa mentholi huapa kwamba pua imezibuka, ilhali vipimo vya Ron Eccles wa Cardiff vilionyesha kuwa ukinzani wa hewa haukubadilika. Kilichoguswa ni mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi. Kinyume chake ni cha kutisha zaidi. Wapo waliokatwa mikunjo ya nyama kupita kiasi, njia yao ikawa pana kama mwanya wa mlango, na bado wanalalamika kwamba wanakosa pumzi. Eugene Kern wa Mayo Clinic aliipa hali hiyo jina mwaka 1994, akiiita pua tupu. Daktari anayedhani kazi yake ni kupanua tu, na kwamba kadiri anavyopanua ndivyo mgonjwa atakavyoshukuru, hajaijua pua.

Basi uchunguzi ndio unaobeba kila kitu, na sehemu yake kubwa haihitaji mashine. Daktari huweka kidole shavuni karibu na pua na kuivuta ngozi taratibu kuelekea sikioni huku mgonjwa akivuta pumzi kwa upande huo. Pumzi ikipita vizuri ghafla, kijilango kile kinatiliwa shaka. Kisha hutiwa dawa ya kusinyaza mishipa, na baada ya dakika chache pua hutazamwa tena. Ikifunguka sana, mkosaji mkuu ni uvimbe wa nyama laini, mara nyingi kwa sababu ya mzio, na tiba yake ni dawa ya kupuliza yenye steroidi kwa wiki kadhaa pamoja na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Ikibaki imebana vilevile, dawa haitanyoosha gegedu. (Matone hayo ya kusinyaza yanauzwa duka lolote la dawa bila kuulizwa. Yakitumika zaidi ya siku chache mfululizo, huanza yenyewe kuziba pua, na wapo wanaodhani wana pua mbovu kumbe wana chupa.)

Ikithibitika kwamba kizuizi ni ukuta wa kati, kinachofuata ni ufundi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Otto Freer huko Chicago na Gustav Killian huko Ujerumani walieneza njia ya kuondoa sehemu kubwa ya gegedu chini ya utando wake. Hewa ilipita, lakini baadhi ya pua zilizama katikati, maana ukuta ule ni nguzo ya kati ya hema kama ulivyo mpaka wa vyumba viwili. Katikati ya karne hiyo Maurice Cottle wa Chicago aligeuza mkazo: kuhifadhi, kupunguza kidogo, kurudisha mahali pake. Siku hizi mpasuaji hukata utando kwa ndani, akaubandua taratibu pande zote mbili, akaondoa au kunyoosha sehemu iliyopinda, huku akiacha ukanda wa angalau sentimita moja juu na mwingine mbele, wenye umbo la herufi L. Ukanda huo hauguswi ovyo, kwa kuwa ndio unaobeba mwamba na ncha ya pua.

Ugumu unaanza pale ambapo kilichopinda ni herufi L yenyewe. Hapo upasuaji wa ndani peke yake haufui dafu: mpasuaji atasafisha kila kitu nyuma yake na pua itabaki imebana, kwa sababu ukanda aliouacha ndio uliokuwa ukiziba. Wala kuvunja mifupa na kuisogeza katikati hakusaidii ikiwa gegedu lililopinda limeachwa ndani. Litaivuta pua irudi lilikoelekea. Ndiyo sababu kwa pua iliyopinda nje na ndani kwa pamoja, urembo na pumzi haviwezi kugawanywa kwa madaktari wawili na miaka miwili. Mifupa hukatwa na kusogezwa, na mara nyingi vipande viwili vyembamba vya gegedu, unene wa milimita moja au mbili, hushonwa kando ya ukuta wa kati ili kuutegemeza na kukipanua kile kijilango. Jack Sheen wa Marekani alieleza vipandikizi hivyo mwaka 1984, na sababu yake inafundisha: vilikusudiwa kurekebisha pua ambazo paa lake la kati lilianguka baada ya kupunguzwa nundu kwa ajili ya uzuri. Pua iliyopunguzwa bila kufikiria hewa inaweza kupendeza na kubana.

Je, dawa ya kupuliza isingetosha? Kwa muda mrefu swali hili lilijibiwa kwa mazoea, na wenye shaka walikuwa na haki. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uholanzi la watu wazima 203, na mwaka 2023 BMJ likachapisha jaribio la Uingereza la watu 378, wagonjwa wakigawanywa kwa bahati nasibu kati ya upasuaji wa ukuta wa kati na matibabu yasiyo ya kisu. Yote mawili yaliupa upasuaji ushindi. Katika lile la Uingereza, kwenye kipimo cha dalili chenye alama 0 hadi 110, ambapo alama chache ni nafuu zaidi, waliopasuliwa walikuwa na wastani wa 19.9 baada ya miezi sita, na waliotumia dawa 39.5. Mtu anaweza kupinga kwamba wagonjwa walijua walichofanyiwa, na anayejua amepasuliwa hutarajia nafuu. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini tofauti ya karibu alama 20 ni kubwa mno kuachiwa matarajio peke yake, na wagonjwa wa Uholanzi walifuatiliwa hadi miaka miwili. Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine: majaribio hayo yalihusu ukuta wa kati, si pua iliyopinda nzima nzima. Kuhusu hii ya pili, ushahidi mwingi ni wa kulinganisha kabla na baada, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo.

Wengine hupinga kwa imani, kwamba umbo alilotoa Mungu lisiguswe. Katika Hadithi yumo sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alitengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu, na Mtume akamwelekeza atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa wanaume imekatazwa. Wanazuoni wengi wameitegemea habari hiyo kutenga kuondoa madhara na kubadili umbile kwa urembo tu. Kampuni za bima nazo hutafuta mstari huohuo, ila huutafuta kwenye picha ya uso. Zingeutafuta kwenye vipimo vya hewa zingekuwa karibu zaidi na haki.

Hayo yote hayaufanyi upasuaji kuwa muujiza. Gegedu hukumbuka mpindo wake na linaweza kurudi, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa hupasuliwa tena. Uvimbe huisha polepole, na umbo la mwisho huenda likasubiri mwaka mzima. Anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini asitarajie kuponywa na pua pekee, kwa kuwa kwa wengi njia hufungika kooni, ingawa pua iliyozibuka humrahisishia kuvumilia mashine ya kusukuma hewa.

Pua nyingi zilizopinda zilianza na kipigo: mpira, ngumi, ajali ya bodaboda. Mifupa iliyovunjika huweza kurudishwa kwa mkono ndani ya wiki moja au mbili, kwa mtoto mapema zaidi, bila upasuaji wowote mkubwa. Baada ya hapo huunga ilivyo. Kuna hali moja isiyosubiri hata hizo siku. Gegedu la ukuta wa kati halina mishipa yake ya damu; hulishwa na utando unaolifunika. Damu ikijikusanya katikati ya utando na gegedu, gegedu huanza kufa ndani ya siku chache, mara nyingi usaha hufuata, na mwamba hubonyea. Mtoto aliyegongwa pua, kisha matundu yote mawili yakaziba na ndani pakaonekana uvimbe laini pande zote mbili za ukuta, afikishwe hospitali siku hiyohiyo ili damu itolewe, hata kama kwa nje pua imenyooka.