Majina ya Majira katika Maelezo ya Bustani ya Mboga

Miongoni mwa maandishi yanayotafsiriwa mara kwa mara kwa ajili ya wananchi ni maelezo ya kilimo cha mboga nyumbani. Mfasiri huyaona kuwa mepesi kwa kuwa hayana istilahi nzito: kuna mbegu, maji, samadi na miezi ya mwaka, basi. Hata hivyo, neno moja likiwekwa mahali pasipo pake laweza kumpotezea mwenye bustani mbegu zake zote. Aghalabu neno hilo ni jina la majira.

Mwaka wa Ulaya una majira manne, na msingi wa mgawanyo wake ni joto na baridi. Mwaka wa mwambao wetu hugawanywa kwa mvua na pepo pia: kaskazi na kusi, masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Mazoea ya darasani yamelinganisha migawanyo hii miwili kana kwamba ni kitu kimoja. Machipuko yakaitwa masika. Majira ya joto, kiangazi. Majira ya kupukutika majani, vuli. Na majira ya baridi, kipupwe. Ulinganisho huo pengine unafaa katika hadithi. Katika bustani haufai.

Tuchukue masika. Machipuko ya Uingereza ni Machi hadi Mei, na masika yetu vilevile ni Machi hadi Mei. Kwa hiyo, mfasiri aandikapo "panda nyanya wakati wa masika" hakukosea miezi, amekosea sababu. Huko nyanya huanzishwa wakati huo kwa kuwa baridi iuayo miche inaondoka na udongo unapata joto. Kwetu huo ndio wakati wa mvua kubwa na mawingu, na majani yashindayo na maji hushikwa upesi na ugonjwa wa bakajani. Katika bustani ya pwani, nyanya husalimika zaidi ikikua wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, mradi imwagiliwe maji.

Vuli nayo ina mtego wake. Majira ya kupukutika majani ni mwisho wa mwaka wa bustani ya Ulaya: watu huvuna na kusafisha shamba. Vuli yetu, Oktoba hadi Desemba, ni mwanzo. Mchicha uliosiwa mvua zinapoanza huweza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Anayesoma kwamba vuli ni wakati wa kufunga bustani ataiacha ardhi tupu huku mvua inanyesha. Hali kadhalika, Desemba hadi Februari ni miezi ya baridi kali Ulaya, lakini pwani ni miezi ya joto la kaskazi, ambalo bamia hulistahimili na kabichi hulishindwa.

Isitoshe, majina yetu wenyewe hayaenei nchi nzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutofautisha maeneo yapatayo mvua za vuli na masika na yale yenye msimu mmoja tu wa mvua, Novemba hadi Aprili, kama vile Dodoma, Mbeya na Ruvuma. Mvua hizo huitwa mvua za Msimu. Agizo la "kupanda wakati wa vuli" halimfai mkulima wa Songea.

Kosa la majira huzidishwa na kitenzi "panda" kinapobebeshwa kazi zote. Kiswahili kina kusia mbegu kitaluni na kupandikiza miche bustanini. Miche ya nyanya hukaa kitaluni takriban mwezi mmoja. Basi "panda nyanya mwezi wa Juni" ni agizo lenye tarehe mbili, na msomaji hajui ashike ipi. Hata neno "tuta" lahitaji kuelezwa: wakati wa mvua kubwa tuta huinuliwa ili maji yasisimame mizizini, na wakati wa kiangazi hushushwa chini ya usawa wa ardhi ili maji machache yasipotee.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mfasiri atafute sababu ya agizo, iwe joto, mvua au baridi, na kuiandika wazi. Pili, kila jina la majira lifuatane na miezi yake na mahali panapohusika. Tatu, kusia na kupandikiza yatenganishwe. Na pale ambapo maelezo yanahusu Ulaya yenyewe, yafaa kuandikwa "majira ya machipuko ya Ulaya", wala si masika.

Mwenye bustani hana njia ya kulisahihisha kosa la mfasiri. Hulitambua baada ya miezi miwili, miche ikiwa imekwisha kuoza. Hapana budi basi usahihi uanzie mezani petu, kabla mbegu haijaingia ardhini.