Kelele za Kompresa: Tutibu Mashine Kabla ya Sikio

Mtu apitaye Nyakato au Igogo, jijini Mwanza, saa za kazi, hakosi kusikia ngurumo ya mashine za kushindilia hewa, ambazo mafundi huziita kompresa. Hewa itokayo katika mashine hizo hujaza matairi, hupuliza rangi kwenye magari, huendesha vifaa vya kutobolea miamba, na viwandani hufungua na kufunga valvu za mitambo. Kompresa ni mtumishi mwema, lakini ni mtumishi mwenye makelele. Na mara nyingi kijana anayejifunza kazi husimama kando yake kutwa nzima. Makala hii inakusudia kueleza jinsi kelele hiyo inavyodhuru, mahali inapozaliwa, na kwa nini dawa yake ianze kwenye mashine.

Madhara yake kwa sikio

Ndani ya kila sikio la binadamu mna chembe hai zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Kazi yake ni kugeuza mtetemo wa sauti kuwa ujumbe uendao kwenye ubongo. Sauti kubwa inayorudiwa siku baada ya siku huziua, na zikishakufa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa zenye mitetemo ipatayo 4,000 kwa sekunde. Ndiyo maana mtu hatambui mapema kwamba anapoteza usikivu. Irabu, ambazo zina nguvu, huzisikia. Konsonanti kama s, f na t humponyoka. Hatofautishi tena “saa” na “taa”, na huanza kuwalaumu wenzake kwamba hawasemi wazi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr aliwapima mafundi 100 waliounda boila mjini Glasgow, Uskoti, mji ule ule ambako baadaye vilitengenezwa vipande vya meli yetu MV Victoria kabla ya kuunganishwa Kisumu. Katika mafundi hao hakumwona hata mmoja mwenye usikivu kamili.

Jinsi kelele inavyopimwa

Kelele hupimwa kwa desibeli, nazo hazijumlishwi kama kilo za sukari. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nishati ya sauti huwa maradufu. Kompresa mbili zinazofanana, kila moja ikitoa desibeli 90, kwa pamoja hutoa 93, wala si 180.

Kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi ni wastani wa desibeli 85 kwa kazi ya saa 8. Kwa hesabu hiyo, penye desibeli 88 mtu asizidishe saa 4. Penye 91, saa 2. Penye 94, saa 1. Na penye 100, robo saa tu.

Mahali kelele inapozaliwa

Tuchukue mfano wa kompresa ya pistoni yenye silinda mbili, inayozunguka mara 900 kwa dakika, yaani mara 15 kwa sekunde. Ikiwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mzunguko, mashine hupiga mafunda 30 ya hewa kwa sekunde. Kila funda huanzisha wimbi la sauti nene. Kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, urefu wa wimbi hilo ni zaidi ya mita 11. Wimbi kubwa namna hiyo halizuiliwi kwa trei za mayai zilizobandikwa ukutani.

Tena kuna jambo la mahali petu. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ya Mwanza ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika nane. Kwa hiyo kompresa ile ile hulazimika kupiga mafunda mengi zaidi ili kujaza mtungi ule ule, na fundi wa Mwanza huisikia kwa muda mrefu zaidi.

Chanzo cha pili ni mtetemo. Mashine iliyofungwa moja kwa moja kwenye sakafu huitetemesha sakafu na mabomba, navyo huwa kama ngozi ya ngoma. Chanzo cha tatu ni hewa yenyewe inapochomoka kwa kasi. Mwaka 1952 James Lighthill, mwanahisabati wa Uingereza, alionyesha kwamba kwa mkondo wa hewa usiofikia kasi ya sauti, nguvu ya kelele hufuata kasi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha nane. Kasi ikipunguzwa nusu, nguvu ya kelele hugawanywa kwa 256, sawa na kushuka desibeli 24.

Utaratibu wa tiba

Kwanza, tibu chanzo. Tundu la kuvutia hewa lifungwe kizuia sauti, au bomba lake lipelekwe nje ya jengo, mbali na watu. Lisizibwe kwa matambara, kwani mashine itakosa hewa. Miguu ya mashine iwekwe juu ya mipira inayobonyea, na bomba la kutokea liungwe kwa kipande kinachopindika. Mivujo izibwe, kwa kuwa kila mvujo ni filimbi inayolia kwa gharama ya umeme. Shinikizo lisipandishwe kupita mahitaji ya kazi.

Pili, kata njia. Katika uwanja wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. Kuihamisha kompresa kutoka mita 2 hadi mita 8 ni kupunguza desibeli 12. Kibanda cha matofali husaidia zaidi, lakini kikiwa na matundu yanayofikia sehemu 1 katika 100 ya eneo lake, sauti haitapungua zaidi ya desibeli 20 hivi, hata kuta ziwe nene kama za ngome. Na kwa kuwa kompresa hutoa joto jingi, njia za hewa ni lazima ziwepo. Basi zipindwe kona na kuwekwa ndani vitu vinyonyavyo sauti.

Mwisho ndipo tulikinge sikio, kwa vizibo au vifuniko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pamba, ijapokuwa ni zao la fahari la Kanda ya Ziwa, hupunguza sauti kidogo mno. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake. Kumpa kijana vizibo na kuiacha mashine ikinguruma ubavuni pake si kuutimiza wajibu huo.

Zoezi la darasani

Kwa kutumia programu ya simu ya kupimia sauti, wanafunzi wapime kelele ya kompresa iliyo uwanjani wakiwa umbali wa mita 2, 4 na 8, bila kukaa hapo muda mrefu. Kisha wapime hivyo hivyo ndani ya chumba chenye kuta za saruji. Je, kwa nini ndani ya chumba sauti haipungui kwa desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu? Atakayeweza kulijibu swali hilo ataweza pia kumshauri fundi wa mtaani kwake mahali pa kuiweka mashine.