Mtungi Wenye Kiuno

Mtungi wa dawa wa Kiitaliano, ule uitwao albarello, umebanwa katikati kama mwanamke aliyejifunga kibwebwe. Wageni wa makumbusho husifu maua yake ya buluu. Mimi niliyezeekea nyuma ya dirisha la dawa natazama kiuno. Kwenye rafu ya duka la dawa mitungi husimama bega kwa bega, na ukitaka mmoja lazima vidole vipate pa kupita. Aliyebuni umbo lile aliijua rafu iliyojaa na foleni ya wagonjwa wanaonung'unika.

Wala hakuwa Mwitaliano. Wafinyanzi wa Iran, Syria na Misri walikuwa wakiufinyanga mtungi huo tangu karne ya 12. Ukafika Ulaya kwa biashara na kwa mikono ya mafundi Waislamu wa Hispania, na miaka ya 1400 Italia nayo ikawa inatengeneza ya kwake.

Hospitali ya Santa Maria Nuova mjini Florence ilianzishwa mwaka 1288 na Folco Portinari, baba yake Beatrice yule aliyeimbwa na mshairi Dante, na hadi leo inapokea wagonjwa. Mnamo 1431 mfinyanzi Giunta di Tugio aliitengenezea mitungi inayokaribia 1,000. Elfu nzima, jamani, kwa hospitali moja! Ile haikuwa ya kiuno. Ilikuwa na tumbo nene na masikio mawili, imepambwa majani ya mwaloni kwa buluu nzito ya kobalti. Iliyobaki imetawanyika kwenye makumbusho, na huijua kwa mkongojo uliochorwa juu yake, alama ya hospitali. Mashuka ya wodini kwetu hupigwa mhuri kwa sababu hiyohiyo: mali ya hospitali ina miguu.

Kazi ya kutengeneza mitungi hii haikuwa ndogo. Mtungi ulichomwa kwanza, kisha ukachovywa kwenye uji wa vioo vilivyosagwa, wenye risasi na oksidi ya bati. Bati ndilo linaloleta weupe wa maziwa. Uji ukikauka huwa unga, na mchoraji alipaka rangi juu ya unga huo, ambao hunywa rangi papo hapo, hivyo akikosea hana pa kufutia. Halafu mtungi ukarudi tanurini. Bila ngozi ile ya kioo udongo ungekunywa mafuta, na dawa ya leo ingenuka dawa ya jana. Ila risasi huyeyuka ikikutana na kitu kikali kama siki. Usinishauri niweke sharubati ya ndimu humo.

Mdomo wa albarello nao una ukingo uliotokeza nje. Hapo ndipo ilipofungwa kamba juu ya kitambaa au ngozi, kwa kuwa mingi haikuwa na kifuniko. Ndani yake viliwekwa vitu vizito, maajuni na marhamu; mafuta na sharubati vilikuwa na mitungi yao yenye mkono na mrija.

Jina la dawa liliandikwa kwa Kilatini cha kukatakata, likachomwa pamoja na rangi. Watu huona urembo; mimi naona hatari. Dawa huisha, mpya huletwa, jina halibanduki. Nawapenda zaidi wale wafinyanzi wa baadaye walioacha fremu tupu ili mwenye duka aweke lebo yake.

Kwenye hospitali ya zamani ya Beaune, Ufaransa, bado ipo mitungi 130 ya mwaka 1782. Pale zipo pia chupa za kioo zilizoandikwa "macho ya kamba wa mtoni". Si macho; ni vijiwe vya chokaa kutoka tumboni mwa kamba huyo, na kiungulia vilikituliza kweli, maana chokaa hupunguza asidi.

Mtungi wa fahari zaidi mara nyingi ulitengewa teriaka, dawa ya sumu na ya kila maradhi, iliyochanganywa viungo kadhaa wa kadhaa, manemane na nyama ya nyoka ikiwemo. Venice waliipika hadharani ili watu washuhudie hakuna kilichochakachuliwa. Ndani yake kulikuwa na afyuni. Kikohozi kilitulia, tumbo la kuhara likafunga, na sifa zote akapewa nyoka.