Uzuri na Haja za Anayeutazama

Uzuri hauingii machoni ukiwa umekamilika. Sehemu yake kubwa hutengenezwa na anayetazama. Mwaka 1790 mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant alidai kwamba anayeamua kuwa kitu ni kizuri lazima aweke kando haja zake, asikitamani wala kukitafutia faida. Mtazamaji wa namna hiyo ni adimu.

Kwanza, jicho lenyewe huchagua. Sehemu inayoona kwa ukali ni ndogo mno, kiasi cha upana wa kidole gumba mkono ukinyooshwa, hivyo macho hurukaruka juu ya mchoro na ubongo huunganisha vipande. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Alfred Yarbus aliifuatilia miruko hiyo kwa watu waliotazama mchoro wa Ilya Repin unaoonyesha mtu akirejea kwao bila kutazamiwa. Walipoulizwa umri wa waliochorwa, macho yaling'ang'ania nyuso. Walipoulizwa hali ya maisha ya familia, yalihamia kwenye samani na nguo. Mchoro ulikuwa uleule, ila kilichoonekana kilifuata swali.

Hali ya mwili nayo ina sauti. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha utafiti uliofanyika kwenye daraja la Capilano, Kanada, linaloning'inia kama mita 70 juu ya bonde. Wanaume waliohojiwa hapo na msichana mrembo walimpigia simu baadaye kwa wingi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara la chini. Maelezo ya watafiti ni kwamba moyo uliokwenda mbio kwa hofu ulidhaniwa unakwenda mbio kwa ajili ya msichana. Utafiti huo umekosolewa, kwani huenda wanaojitosa kwenye daraja la kutisha ni watu wajasiri tangu mwanzo.

Katika muziki, ushahidi ni imara zaidi. Watafiti wa Montreal walionyesha mwaka 2011 kwamba muziki unaomsisimua mtu hadi vinyweleo kusimama hutoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, katika nyakati mbili: kwenye kilele chenyewe, na sekunde chache kabla yake, msikilizaji anapokingoja. Kungoja huko kunahitaji mazoea.

Taarabu imejengwa juu ya hayo yote. Tangu enzi za mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, nyimbo za taarabu husema kwa mafumbo, na fumbo hukamilishwa na msikilizaji. Ubeti uleule ambao kwa mmoja ni maneno matamu tu, kwa mwenzake aliyeachwa au aliyesengenywa na jirani ni kauli yake mwenyewe. Ndipo anapoinuka, akasogea mbele kwa madaha na kumtuza mwimbaji, huku ukumbi mzima ukikisia anayelengwa. Kant asingemkubali kama shahidi wa uzuri, kwa sababu ana haja tele. Lakini katika ukumbi huo hakuna aliyeusikia wimbo kwa undani kumshinda.

Je, mazoea yanatosha kukifanya chochote kiwe kizuri? Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huvipenda zaidi hata vitu visivyo na maana, kama maneno ya kubuni, kadiri wanavyovikuta mara nyingi. Watangazaji wa biashara hutegemea jambo hilo kila siku. Ila lina kikomo. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2013, wanafunzi walionyeshwa tena na tena michoro ya John Everett Millais, msanii anayeheshimiwa, na ya Thomas Kinkade, Mmarekani aliyeuza sana picha za nyumba zenye madirisha yanayong'aa, ambaye wahakiki wengi humdharau. Kadiri walivyoiona mara nyingi ya Kinkade ndivyo walivyozidi kuichoka, ilhali ya Millais hawakuichoka hivyo. Kumbe kuzoea humpa mtu pia nafasi ya kuona kasoro, na kasoro hizo zilikuwamo ndani ya mchoro kabla yeye hajafika.