Mapanki, Ugali na Mchuzi: Chakula cha Mbwa na Paka wa Mwanza

Mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwanda vya Mwanza vikishaondoa minofu, huwafikia pia mbwa na paka. Nyama iliyoshikamana na mfupa huwafaa ikichemshwa. Mfupa wenyewe, hasa uliokaangwa, huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa koo au utumbo. Dagaa waliokaushwa mchangani waoshwe kwanza. Ugali humshibisha mbwa, lakini paka haumtoshi kamwe: akikosa taurini, iliyomo katika nyama na samaki, hupofuka na moyo wake hudhoofika. Hatari kubwa iliyojificha imo katika mchuzi: kitunguu maji na kitunguu saumu, hata vikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu, na paka huumia upesi zaidi. Chokoleti na zabibu wasipewe kabisa.