WAYA WA KIOO CHA KOMPYUTA: TAZAMA KABLA YA KUNUNUA



Katika kijiji kimoja tulichotembelea, chama cha ushirika kilinunua kompyuta ya mtumba ya kuwekea hesabu za pamba. Kioo chake walipewa bure. Katibu alitumwa mjini kununua waya. Wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia vizuri, lakini kioo kikabaki cheusi. Nauli imekwenda, fedha za waya zimekwenda, na wazee wakaanza kunung'unika kwamba chama kimeuziwa kompyuta mbovu.

Haikuwa mbovu hata kidogo.

Kompyuta hutuma picha kwenye kioo kwa umeme unaopita katika waya. Kuna njia mbili. Katika njia ya zamani, umeme huzidi na kupungua kufuata mwanga wa picha. Katika njia mpya, picha hugeuzwa kuwa tarakimu, kama vile "ndiyo" na "hapana" nyingi zinazopita upesi sana. Kioo cha njia moja hakielewi habari za njia nyingine.

Tundu la njia ya zamani huitwa VGA. Lilianzishwa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Lina vitundu 15 katika mistari mitatu, na mara nyingi ni la buluu. Waya wake hukazwa kwa skrubu mbili, na haupitishi sauti. Tundu la njia mpya ni HDMI, lile bapa la nyuma ya televisheni za siku hizi. Hili hupitisha picha na sauti pia. Lipo na jingine, DisplayPort, linalofanana nalo sana, ila kona yake moja tu ndiyo imekatwa. Usisukume kwa nguvu!

Sasa, kompyuta ya wenzetu ilikuwa na HDMI, kioo kina VGA. Waliuziwa waya mtupu wenye HDMI huku na VGA kule. Waya huo hubadili kichwa tu, haugeuzi picha. Kinachotakiwa ni kigeuzi, yaani kidubwasha chenye mtambo mdogo ndani. Tena kigeuzi huenda upande mmoja. Cha kutoka HDMI kwenda VGA hakifai kutoka VGA kwenda HDMI. Wauzaji wengine hawalisemi hili, labda nao hawalijui.

Basi kabla ya kwenda dukani, chora matundu yote mawili kwenye daftari, au yapige picha kwa simu. Mwambie muuzaji: "Picha inatoka hapa, inakwenda pale." Mwombe akijaribu mbele yako kabla hujalipa.

Katibu alikwenda mjini mara ya tatu na mchoro wake. Jioni ile kioo kiliwaka. Sauti haikutoka, lakini hesabu za pamba hazihitaji sauti.