Je, Wajua? Nusu Nyumba, Nusu Kazi ya Mkazi
Je, wajua kwamba mwaka 2004, katika mtaa wa Quinta Monroy mjini Iquique, Chile, familia 93 zilikabidhiwa nusu nyumba? Ruzuku ya serikali ya takriban dola 7,500 kwa familia, kiwanja kikiwemo, isingetosha nyumba kamili. Msanifu Alejandro Aravena na wenzake wakajenga sehemu ngumu: kuta za kubeba uzito, ngazi, jiko, bafu. Pengo la kando wakawaachia wakazi walijaze wenyewe. Utasema serikali ilikwepa wajibu wake. Huenda, lakini wakazi wa nyumba za umma huongeza vyumba hata wasiporuhusiwa, na wakati mwingine ukuta unaobomolewa ndio unaoshikilia ghorofa. Hapa upanuzi ulikuwamo ndani ya mchoro. Rangi na madirisha ya sehemu waliyoongeza, kila mtu alijichagulia.